Betri Tatu za Paa la Twilumba

Mezani kila betri ni nzima. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, wageni wa posa walipoondoka nanyi mkabaki kumsifia yule kijana: anavyoongea, anavyoinama akisalimia, anavyopokea kikombe kwa mikono miwili. Shangazi akasema neno lake hilo moja, akakusanya vyombo, akaingia jikoni. Mmekuja kuniuliza mimi maana yake kwa sababu yeye mnamwogopa. Haya, kaeni, na huyo anayechezea simu aiweke chini. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani. Ilizaliwa hapa hapa kwetu Ihangala, na ilizaliwa hivi.

Palikuwa na fundi wa betri kule Njombe mjini, jina lake Obadia Mligo. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, kati ya mshona viatu na mama mmoja muuza mbegu za viazi. Mnazijua hizi drili zisizo na waya, ambazo fundi anapanda nazo juu ya paa na kukaza skrubu bila umeme. Zinaendeshwa na betri, na betri zenyewe huchoka mapema wakati mashine bado ina umri mrefu mbele yake. Mtu wa kawaida betri ikichoka huitupa. Obadia aliipasua. Ndani ya lile ganda la plastiki mna seli kumi, kila moja ina unene wa kidole gumba, zimeungwa mbili mbili. Mara nyingi zilizokufa ni chache tu, na hizo chache ndizo zinazowavuta wenzao. Obadia alizitoa, akaweka nyingine, akafunga ganda, na drili ikaanza kulia tena.

Kazi hiyo alifundishwa na Mama Kaduma, mwanamke mfupi asiyependa haraka. Mama Kaduma alikuwa na utaratibu wake. Kabla seli haijaingia kwenye betri ya mteja, aliiunga na wenzake wawili kwenye balbu ya taa ya pikipiki, akaiacha balbu iwake. Wala hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa pale pale, akizigusa seli moja moja kwa mgongo wa kiganja. Iliyoanza kuchemka kabla ya wenzake aliitia kwenye ndoo. Balbu ikififia mapema, zote tatu alizikagua upya. Betri moja iliweza kumlia kutwa nzima, na wateja walinung'unika, naye aliwaacha wanung'unike.

Obadia alipoanza kujitegemea, balbu aliiacha huko huko kwa mwalimu wake. Yeye alinunua mita, ile yenye kioo cha namba na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Unagusa huku, unagusa huku, namba inatokea. Volti nne nukta moja: seli nzima. Basi, imekwisha. Aliiandika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa kila seli, na wateja waliipenda mno. Mtu akishaona namba, haulizi tena. Na nisimsingizie, betri zake nyingi zilifanya kazi, kwa sababu wengi waliozichukua walikuwa watu wa kufunga bawaba za kabati na kutundika picha ukutani. Hakuna aliyewahi kuzibebesha mzigo.

Sasa Obadia alikuwa na dada yake mkubwa, Twilumba, aliyeolewa huku kwetu. Mama yao alifariki Obadia akiwa bado hajaota meno yote, na Twilumba ndiye aliyembeba mgongoni akienda naye shamba. Kwa hiyo alikuwa dada, na alikuwa mama. Mume wake, Eliaza, alifariki nyumba yao ikiwa msingi tu. Twilumba hakwenda kulia kwa mtu. Viangazi viwili alifyatua matofali yeye mwenyewe, akakanyaga udongo kwa miguu yake, akapandisha kuta mpaka juu ya madirisha. Yalikuwa matofali mabichi, hayakupita kwenye tanuri. Tofali bichi likiwa chini ya paa linaishi miaka. Likinyeshewa wazi, linarudi kuwa tope lilivyokuwa. Na mwezi wa kumi na moja ulikuwa unabisha hodi.

Mnaijua desturi yetu ya ujima. Kila kaya yenye haja hupewa Jumamosi moja, kijiji kizima kinashuka kuifanya kazi yake, na Jumamosi hiyo ikipita hairudishwi. Unasubiri zamu izunguke upya. Twilumba alipangiwa Jumamosi ya mwisho kabla ya kupanda. Ikimponyoka hiyo, watu wote wanaingia mashambani, na kuta zake zinabaki kuisubiri mvua zikiwa uchi. Mabati yalikuwepo, kenchi zilikuwepo. Lakini zile kenchi zilikuwa za mlingoti, yaani mkaratusi, uliokauka vibaya, msumari ukipigwa unapinda, kwa hiyo fundi wa paa, Nyagawa, alisema anataka skrubu na drili. Drili alikuwa nayo. Betri zake tatu ndizo zilizokuwa hoi.

"Niachie mimi," Obadia akamwambia dada yake. "Hizo betri nitazifufua mwenyewe."

Na umeme wa kuzichajia, maana huku mlimani nguzo zilikuwa bado hazijafika? Hilo nalo lilikuwa na mwenyewe. Kaka wa marehemu Eliaza, Zefania, alisimama siku ya mazishi mbele ya jeneza, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi kwamba jenereta lake litakuwa uwanjani kwa shemeji yake kabla moto wa chai haujawashwa, siku yoyote atakayoezeka. Watu waliitikia amina. Wengine walilia.

Obadia akazipasua zile betri tatu. Seli zilizokufa alizitoa, akajaziliza na seli alizozitoa kwenye betri za kompyuta chakavu. Alizipima zote kwa mita, moja baada ya nyingine, juu ya meza yake safi. Nne nukta moja. Nne nukta moja. Nne kamili. Mchana haujafika alikuwa amekwisha kufunga. Aliikumbuka balbu ya Mama Kaduma kidogo, kisha akajiambia kwamba hiyo ilikuwa ni namna ya mwanamke mzee kupitisha siku.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa uwanjani kwa Twilumba, wanawake wakipika makande, vijana wakipandisha mabati. Zefania hakuwa ameonekana, lakini hakuna aliyejali sana, kwa kuwa betri tatu zilizojaa zilitosha kuanzia. Nyagawa alikuwa juu ya kenchi. Akakaza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano drili ikaguna ikasimama.

"Nipe nyingine," akasema.

Ya pili ilifika skrubu sita. Ya tatu haikumaliza tatu.

Obadia akatoa mita mfukoni, akazigusa betri zote hapo hapo chini, watu wakimzunguka. Volti ishirini. Ishirini. Ishirini kasoro kidogo. Akarudisha moja kwenye drili, akabonyeza, nayo ikazunguka hewani kwa sauti nzuri kabisa.

"Fundi, betri ni nzima," akasema akitazama juu. "Mita inaonyesha ni nzima."

"Mimi nimekusikia," Nyagawa akajibu kwa upole. "Liambie na bati."

Watu wakacheka kidogo. Obadia akapanda mwenyewe, akaweka skrubu juu ya bati, akabonyeza. Drili ikazunguka mizunguko miwili, ikakata. Aliposhuka, masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Akampigia Zefania. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, na huko upande wa bonde mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Twilumba akaja kutoka mekoni, mwiko bado mkononi.

"Kuna nini, mdogo wangu?"

"Sijui, dada. Nilizipima zote."

"Ulizipima zikiwa wapi?"

"Mezani."

"Zikifanya nini?"

"Zikiwa hazifanyi kitu."

Twilumba akaitazama barabara inayotoka kwa Zefania. Ilikuwa nyeupe, haina mtu. Kisha akazitazama kuta zake, kona hadi kona, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari.

"Siku ile ya mazishi Shemeji Zefania aliongea vizuri," akasema. "Hata mimi nilimwamini. Mezani kila betri ni nzima, Oba. Sasa nitafutie namna ya kuezeka nyumba."

Hakuwa amekasirika. Angekasirika, Obadia angepata pa kujitetea. Alisimama pale na namba zake zilizoandikwa kwa wino mzito, akaona aibu ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Mwanamke huyu alimbeba mgongoni, naye siku ya kumbeba yeye ilipofika alimletea maneno yaliyofungwa kwenye ganda la plastiki.

Akaufungua mfuko wake wa vifaa na kutoa spana namba nane. Vichwa vya skrubu za bati ni vya pembe sita, spana hiyo inavikamata. Akachukua msumari na nyundo, akapanda, akatoboa bati kwa msumari, akasimamisha skrubu kwenye tundu, akaanza kuizungusha kwa mkono. Mlingoti mkavu haukubali upesi. Skrubu moja ilimchukua muda ambao drili nzima ingekaza kumi. Alipoimaliza akahamia inayofuata, hakumtazama mtu.

Nyagawa alimwangalia mpaka skrubu ya tatu, kisha akashusha pumzi, akauliza ni nani mwenye spana. Mwenye pikipiki akaleta, mwenye baiskeli akaleta, zikapatikana sita. Wakaanza na upande wa bondeni, kule mvua inakotokea. Hakuna aliyeimba siku hiyo. Ilipofika saa tisa viganja vya Obadia vilikuwa vimetoka malengelenge na kupasuka, na mpini wa spana ulikuwa unateleza kwa damu.

"Shuka upumzike," Nyagawa akamwambia. "Wengine tumezoea."

"Nikishuka sitapanda tena," akasema Obadia, akafunga kiganja kwa kitambaa.

Mvua ilikuja kama saa kumi na nusu, nzito, ya upepo. Ilikuta paa lote limefungwa isipokuwa kona ya nyuma. Wakatandaza turubai pale, wanaume wanne wakalishikilia kwa mikono, lakini maji yaliingia, na mistari mitano ya matofali ikalainika na kuporomoka mbele ya macho yao. Kona hiyo Twilumba aliijenga upya baadaye kwa matofali ya kuchoma. Mkipita pale mtaiona, ni nyekundu peke yake. Sehemu nyingine zote zilisimama. Twilumba alilala chini ya paa lake.

Zefania alifika na jenereta siku ya Jumanne. Alikuwa na maelezo mazuri sana. Walimpa chai.

Obadia alirudi mjini na zile betri tatu. Alipasua moja moja, akatoa seli zote thelathini, akaenda kwa Mama Kaduma kuazima balbu. Mama Kaduma alivitazama vile viganja, akampa balbu na kigoda pia. Siku mbili Obadia alikaa akizigusa seli kwa mgongo wa mkono. Zile za kompyuta ziliaibika mapema. Zilizoea kazi nyepesi, na balbu ilipozidai zilichemka na kuzima, kisha zikipumzika kidogo mita ikasema tena ni nzima. Kwa kweli mita haikuwa imemdanganya hata siku moja. Alikuwa hajaiuliza swali linalofaa. Katika thelathini akapata kumi zilizostahimili, akazifunga kwenye ganda moja.

Akapanda nayo mlimani. Twilumba alikuwa na milango miwili na madirisha matano yanayosubiri kufungwa, na Nyagawa alikuwa hapo na drili yake.

"Dada, zilikuwa tatu, nimekuletea moja," Obadia akasema. "Zile mbili zilikuwa maneno tu. Hii nimeipima kwa balbu kutwa nzima, ila nisingependa uniamini mimi. Muulize mlango."

Twilumba akaipokea, lakini hakuitazama. Alimshika mdogo wake mikono, akaifunua viganja juu, akapitisha kidole gumba mahali palipopasuka na kuanza kupona.

"Betri hii nitaipima mwenyewe," akasema. "Wewe nimeshakupima."

Obadia akageuza uso upande, akalia, na wala hakuficha sana. Betri ile ilikaza skrubu za milango yote miwili na madirisha yote matano, na jioni bado ilikuwa inalia kwa nguvu. Tangu siku ile Obadia haandiki namba ya mita ubavuni mwa seli. Anaandika dakika ambazo balbu ilikaa ikiwaka.

Sasa huyu kijana wenu wa posa mimi simjui, na huenda ni mtu mzuri kweli. Shangazi yenu hakusema ni mbaya. Sikilizeni vizuri alichosema. Amekaa sebuleni kwa watu, amepewa chai na maandazi, amesalimia kwa adabu. Mlitaka afanye nini pale? Jumamosi ijayo tunavuna viazi kule bondeni, magunia yanapandishwa mlimani kwa mgongo. Mwambieni aje. Nasi tutavuta vigoda tukae pale, tumtazame, bila haraka. Mezani kila betri ni nzima.