Sare za Nahodha Hartnell

Nahodha Hartnell, mkuu wa manowari ya Kiingereza iliyosaka maharamia mtoni Uchina, alinyang'anya kijiji mchele wote, eti ni wa wizi. Akaufungia ghalani, akamwamuru mlinzi: "Asiyevaa sare yangu asiguse gunia!"

Kisha akamtupia dobi, Mama Lau, sare thelathini. "Zikauke kabla ya magharibi. La sivyo, jela!"

Mabaharia wakashinda melini wamevaa chupi tu. Jioni Mama Lau akarudisha sare, na mlinzi nyuma yake.

"Bwana, watu wako wamemaliza kuhamisha mchele."

"Watu wangu wako uchi hapa!"

"Uliniambia nitazame sare, bwana. Nyuso hukuzitaja."

Nahodha akamgeukia dobi, amewiva kwa hasira.

"Jua halikutoka leo, bwana," akasema Mama Lau. "Na nguo hukauka upesi mwilini mwa mtu anayebeba magunia."