Aliyemvizia Mkewe kwa Lenzi Ndefu

Kaeni, wapendwa. Na ninyi mliokuja na wake zenu kisha mkaenda kuketi mbalimbali, kila mtu benchi lake, leo nisikilizeni vizuri huko huko mliko. Ninachosema kinawahusu, na mkinuna mtanuna mkiwa mmekisikia.

Nina habari za mpiga picha mmoja. Mtu wa kazi, mtu wa kanisa, harusi zote za mtaa wao ni yeye. Mkewe alikuwa mwalimu wa sekondari, na mwaka huo akapewa timu ya netiboli aifundishe. Basi mama wa watu akafurahi. Akawa anarudi jioni ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anaimba jikoni. Na kila akisimulia habari za mazoezi, linajitokeza jina la mwalimu wa michezo. Mwalimu kasema hivi, mwalimu katuchekesha vile.

Mnajua wivu unavyoingia? Haupigi hodi. Yule bwana akaanza kulisikiliza lile jina kuliko anavyoisikiliza habari yenyewe. Mke akiimba, anajiuliza anaimbiwa nani. Mke akinyamaza, anajiuliza anakumbukwa nani. Angeweza kuuliza. Mtu na mkewe, mto mmoja, si angeuliza tu? Lakini mwenye wivu hatafuti jibu, anatafuta ushahidi.

Akaenda mjini kwenye duka la kamera. Akataka lenzi ndefu, zile ambazo ndugu zetu wanaopeleka wageni mbugani wanazijua, unamwona simba yuko kule kama vile amekuja kukusalimia. Muuzaji akamtolea mbili. Moja nyepesi, ya kawaida. Ya pili nzito, bei imesimama, ina kidude ndani cha kutuliza mtikisiko wa mkono, maana ukiwa na lenzi ndefu ukatetemeka hata kidogo, picha yote inavurugika. Akamuuliza anakwenda kupiga picha za nini. Yule bwana akasema, "Ndege."

Mnacheka. Ndege gani huyo anayevaa filimbi shingoni?

Muuzaji alikuwa mtu mwaminifu. Akamwambia kama ni ndege wa kuruka, kile kidude hakitamsaidia sana, kwa sababu kinamtuliza anayeshika kamera, hakimtulizi anayepigwa picha. Lakini yeye aliitazama mikono yake jinsi ilivyokuwa ikitetemeka kwa hasira pale juu ya kaunta, akachukua ile ile nzito. Lenzi yake ya harusi, iliyokuwa inamlisha, akaiacha dukani kufidia bei.

Siku ya mazoezi akaegesha pikipiki nje ya uzio wa shule, upande wa goli moja la uwanja wa mpira, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Wasichana walikuwa wanakimbia kuuzunguka uwanja. Akamtafuta mkewe kwenye lenzi, akampata. Na nani yuko begani kwake? Mwalimu wa michezo. Ameinama, kichwa kiko sikioni kwa mke wa mtu. Na mke anacheka, meno yote nje. Wapendwa, roho ilimchoma yule baba. Lakini pesa yake haikupotea bure, kidude kilifanya kazi. Mkono ukatulia, picha ikatoka safi, unaona mpaka hereni. Mwalimu peke yake ndiye aliyetoka na ukungu kidogo, na yeye akajiambia huyo ni mwizi, mwizi hatulii.

Sasa tazameni mtu anavyoibomoa nyumba yake. Hakuvuka lango la shule. Hakumuuliza mkewe hata usiku. Alikwenda kuisafisha ile picha, kubwa, akamwita msimamizi wao wa ndoa na shangazi wa mke, akaiweka mezani mbele yao. Akawaambia penye moshi hapakosi moto, wajionee wenyewe. Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Msimamizi akamtaka mke ajieleze.

Mke akaivuta picha, akaitazama, akamuuliza mumewe alisimama wapi. Akajibu, kwenye tangi la maji.

"Baba Tumsifu," mke akasema, "mwalimu ana debe la chokaa mkononi. Ameinama anachora mistari ya goli la kule. Mimi nilikuwa katikati ya uwanja. Lenzi yako ndiyo iliyotubandika. Na hilo unalijua, maana harusi ya mdogo wako ilipokosa watu, ni wewe uliyekwenda kusimama mbali ukawabana wale wachache mpaka ukumbi ukaonekana umefurika."

Ilikuwa kweli. Lenzi ndefu huwachukua watu waliosimama mbalimbali ikawaonyesha kama wamegusana, na wapiga picha wote wanalijua hilo. Hata ule ukungu ulikuwa unamwambia kwamba mwalimu yuko nyuma kabisa. Aliyajua yote, wivu ukamsahaulisha kazi yake mwenyewe.

Lakini mwenye wivu hakubali kushindwa upesi. Akauliza, "Na kicheko? Ulikuwa unamchekea nani?"

Mke akamwambia, "Nilikuwa nakuchekea wewe. Niliiona pikipiki yako kwenye uzio. Muhula mzima nimekuomba uje utuone tukicheza. Nikawaambia wasichana, mume wangu leo amekuja. Tukakungoja. Hukuingia."

Wakaitazama picha tena, wote wanne. Macho ya yule mama yalikuwa yamenyooka kwenye kamera. Kisha akainuka, akamwomba shangazi yake amsubiri kidogo, akaingia chumbani kufunga nguo zake.

Haya, sisi tunaotikisa vichwa, sisi tuna nini mkononi? Wengine tunapekua simu mwenzetu akiwa bafuni. Wengine tumemtuma dada wa kazi atuletee habari. Akina mama nanyi msijifiche, mnapita mbele ya ofisi ya mume mkijifanya mnakwenda sokoni. Lenzi ndefu iliwekwa kwa ajili ya simba, kwa sababu simba ukimsogelea atakula. Mkeo hali mtu. Mumeo hali mtu. Kilichokushinda kulivuka lango ni nini? Mungu anayeona yote toka juu hakuridhika kututazama kwa mbali, alikuja akaketi nyumbani mwetu, akala chakula chetu.

Basi leo ukifika kwako, usivizie. Ingia, kaa, muulize. Kicheko hicho kinachokunyima usingizi huenda ni chako, na mwenye kukuchekea amesimama pale pale uwanjani, anangoja uingie.