Ijumaa ya Kuvunja Vyungu

Wametuhadithia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani, nchi ya Yemeni, Bi Hamama, mwanamke mcha Mungu wa Kiyahudi, alikuwa akikanda unga wa mkate wa Sabato mumewe, Yihya, alipoingia mapema kuliko kawaida. Yihya alikuwa mchinjaji wa jamaa yao, Wayahudi wa mji ule. Sheria yao yataka kisu kikaguliwe kwa ukucha kabla na baada ya kuchinja. Kikiwa na pengo, hata dogo kama unywele, nyama ni haramu. Asubuhi ile watu walimharakisha, akagawa nyama ya ng'ombe kwanza, akakagua baadaye. Ukucha ukakwama penye pengo.

Bi Hamama akamwuliza ni nani mwingine aliyekishika kile kisu. Akajibu hakuna; pengo lile alilijua yeye peke yake. Mikono yake ikasimama ndani ya unga. Walikuwa na watoto wanne na mama mkwe mzee, na Yihya hakuwa na kazi nyingine.

"Nenda ukawaambie watu wa upande wa kisimani," akasema Bi Hamama. "Mimi nitapita upande wa juu. Jua likizama Sabato itaingia, nao watakula."

Adhuhuri ilikuwa imepita. Vyungu vilikuwa vimekwisha kuinjikwa motoni, na chungu cha udongo kilichopikiwa haramu hakisafishiki, huvunjwa. Bi Hamama akasimama mlango baada ya mlango, akiwatazama wanawake wenzake wakivunja vyungu vyao, nao hawana muda wa kupika chakula kingine kabla ya kuingia Sabato, ambapo hakuwashwi moto. Bi Nadra, mke wa mkuu wa jamaa, alimwaga mchuzi miguuni pa Bi Hamama.

"Mumeo ana kucha kali leo, mama. Asubuhi alikuwa amezikata?"

"Sema yote, dada. Una haki," akajibu Bi Hamama, akaenda mlango wa pili.

Kabla ya magharibi, mkuu wa jamaa alikwisha kumpa mtu mwingine kazi ile ya kuchinja. Watu waliomsalimu Yihya kwa miaka kumi na mitano wakampita kimya.

Hatukuhadithiwa kwamba Mola aliwafungulia riziki mwaka ule, wala kwamba majirani walikuja kuomba radhi. Subira yao haikuwa na utamu. Ilikuwa ni kutenda haki, kisha kuishi na hasara yake. Anayetaka kulipwa papo hapo asiianze njia hii.

Bi Hamama aliwasha taa kwa wakati, akauacha mlango wazi kwa ajili ya wageni, kama ilivyokuwa desturi yao. Hakuja mtu. Akapakua dengu, akahesabu kwa macho: mume, mama mkwe, watoto wanne. Wote walikuwepo. Yihya akaubariki mkate, wakala.