Nani Anawalisha Mbwa?

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mjane aliyeishi ukingoni mwa msitu, mahali ambapo fisi huanza kulia jua halijazama vizuri. Mumewe alimwachia mbuzi, shamba la bondeni lenye chemchemi, na mbwa watatu wakali. Mkubwa wao, jike mweusi, aliitwa Yatakwisha. Kwa ukali wake, hata mimi mchungaji wenu ningepiga hodi nikiwa bado barabarani. Majirani walisema kwa mama yule hakuna haja ya kufuli.

Mama huyu hakuwa mvivu, nawaomba mlishike hilo. Alikopa kwa sababu ambazo wewe na mimi tungekopea. Kwanza paa lilivuja, akaenda kwa jirani wa ng'ambo ya mto, rafiki wa marehemu mumewe, akapewa mabati. Kisha mtoto akalazwa. Kisha ikaja harusi ya binti, na hapo semeni kweli, ni nani kati yetu angekubali bintiye aolewe bila hema wala muziki? Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini siku ya pilau hakuna anayewakumbuka wahenga.

Jirani hakuwahi kumgombeza. Kila mavuno, magunia yalivuka mto kwenda kulipa, na kila mwaka yalivuka mengi zaidi. Ghalani kikabaki cha watoto tu, na mbwa wakaanza kutoka mbavu. Jirani akaliona hilo, akaja siku moja na sufuria ya ugali wa pumba uliochanganywa na dagaa.

"Shemeji, wewe una watoto wa kulisha," akamwambia. "Hawa mbwa niachie mimi. Hii wala siihesabu kwenye deni."

Mama alitokwa na machozi ya shukrani, na mimi simlaumu. Tangu hapo sufuria ilivuka mto kila asubuhi. Mbwa wakanenepa, manyoya yakang'aa. Wakaendelea kubweka vilevile: walimbwekea fisi, walimbwekea muuza mitumba, walimbwekea hata mzee wa kanisa aliyefuata sadaka ya mavuno. Mama akiwasikia hivyo alijiona yuko salama. Angejuaje kwamba ulinzi umeshahama nyumbani kwake? Mtu mmoja tu ndiye ambaye hawakumbwekea, na huyo alikuja na sufuria.

Ukaja mwaka wa ukame, na hakuna gunia lililovuka mto. Mchana kweupe jirani akafika na vijana wake, kamba ya kupimia na vigingi. Hakuvunja uzio wala hakupaza sauti. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye chemchemi, akaanza kupima.

"Shemeji, hapa sikukuwekea rehani," mama akamwambia. "Tulikubaliana mavuno. Maji watoto watakunywa wapi?"

"Tutaelewana tu, shemeji," akajibu, na kamba ikaendelea kuvutwa.

Mama akawaita mbwa. Wakaja mbio wote watatu, na vijana wale wakarudi nyuma kwa hofu. Lakini mbwa walipomfikia jirani walitikisa mikia, wakamnusa viganja. Kwa uchungu mama akakishika kigingi cha kwanza akitaka kuking'oa. Hapo akasikia mbwa ananguruma nyuma yake. Akageuka. Yatakwisha alikuwa amesimama meno nje, na aliyekuwa akimngurumia ni yeye mama.

Msimcheke, maana mama huyu ni sisi. Tukisikia deni la taifa tunasema hizo ni hesabu za wakubwa, sisi yetu ni jembe na duka. Tukiona gwaride tunapiga makofi, tunasema nchi ina walinzi. Sawa, inao. Lakini mafuta ya gari la doria mpakani yanatoka kwenye sufuria ya nani? Viatu vya askari je? Nchi iliyokopa hadi ikashindwa kuwalisha walinzi wake haihitaji kuvamiwa. Atakayeitaka ataingia mchana, kwa salamu, akiitwa shemeji.

Na kabla hamjanyoosha kidole serikalini, tuulizane humu ndani. Nani anataka barabara lakini hataki kutoa risiti? Nani hushangilia kila uzinduzi bila kuuliza utalipwa na nini? Mkopeshaji hakutuibia mbwa, ndugu zangu. Alikuta tumewaacha na njaa, sisi tukiwa kwenye hema la harusi.

Jioni ile chemchemi ilikuwa imekwenda. Mama alisonga ugali mdogo, akawagawia wanawe, nao hawakushiba. Tonge lake mwenyewe hakulila. Alitoka nalo hadi uani, akapiga magoti mbele ya mbwa aliyemwonyesha meno, akaunyoosha mkono. Yatakwisha aliunusa mkono ule kwa muda mrefu, kama mkono wa mgeni. Kisha akala.

Bado anakula, wapendwa. Twendeni nyumbani tukapunguze sahani zetu.