Mvua Iliyonyesha Ukumbini

Isome hii taratibu, kisha mpelekee na mwenzako anayependa kutazama wengine wakifanya kazi.

Mfalme mmoja alikuwa na mama mzaliwa wa shamba, ambaye hakulizoea kasri hata kidogo. Kila siku alikumbuka kwao. Mfalme akamwagiza Shemweta, mkuu wa wanamuziki, atunge simfoni ya vyombo arobaini itakayomletea mama yake shamba hadi ukumbini.

Shemweta alikaa dirishani, akatazama bustani, akatunga. Siku ya kupigwa, filimbi ziliimba kama ndege, na mama mfalme akapiga miayo.

"Ndege hawa wameshiba, mwanangu," alimwambia. "Wa kwetu huja kula mtama wetu."

Mfalme hakucheka. Alimpa Shemweta muda hadi mwisho wa mavuno. Akishindwa tena, cheo atapewa mwingine.

Basi Shemweta akashika njia ya shamba, karatasi kwapani. Alipokewa na mama mmoja aitwaye Namsifu, aliyekuwa ameanika mtama uani. Alasiri wingu likatanda, matone yakaanza. Watu wote wakaukimbilia mtama. Shemweta, maskini, akabaki barazani akiandika mlio wa matone, na mtama uliokuwa mbele ya miguu yake ukalowa chepechepe.

"Baba, mvua unaiandika," Namsifu alisema, "na mtama nani auanue?"

Aibu ilimwingia hadi mifupani. Akazikunja karatasi zake, akaomba ungo. Mwezi mzima alivuna, akapepeta, akafukuza ndege hadi sauti ikamkauka. Alirudi mjini na malengelenge viganjani na furaha ambayo hakuwahi kuijua.

Siku ya siku ukumbi ulifurika. Muziki ulianza kwa mdundo wa michi mitatu ikipokezana katika kinu kimoja. Mama mfalme aliinamisha kichwa, na Shemweta akatokwa jasho. Kisha ngoma kubwa ikanguruma kwa mbali, marimba zikadondosha tone moja, mawili, matatu.

Mama mfalme akaruka kutoka kitini, akajifunga kibwebwe.

"Anueni mtama!"

Mawaziri wawili waliokulia shamba walikuwa wameshainuka, wanakunja zulia kama jamvi la mtama. Na pembe ya tatu ya zulia ilikuwa mikononi mwa mfalme mwenyewe.

Ukumbi ulicheka hadi machozi, na mama mfalme alicheka kuliko wote. Cheo cha Shemweta kilibaki pale pale, ila kila mavuno aliomba ruhusa aende kwa Namsifu.

Funzo: Maisha ya watu hayaimbwi kutoka dirishani, yashike kwanza kwa mikono yako, ndipo wimbo wako utafika moyoni mwao.