Kiti Kilicho Uchi

Wahenga hawakuuchukia urembo. Walichokichukia ni urembo unaodanganya. Mkakasi ni kijikasha kilichonakshiwa kikapendeza macho, lakini ukikichunguza, ni mti tu. Binti wa seremala alifunzwa hayo tangu utotoni, yakaingilia sikio hili na kutokea la pili.

Baba yake alitengeneza viti visivyo na ua wala mchongo: miguu minne, egemeo, basi. Majirani walimtania, "Fundi, viti vyako viko uchi!"

"Aliye uchi hana pa kuficha kosa," alijibu, huku akipitisha kidole kwenye kiungo kutafuta ufa.

Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, binti alishika karakana. Wateja walitaka maua ya rangi ya dhahabu, naye akawapa. Punde akagundua siri mbaya: ua likigongomewa juu ya kiungo, nani atajua ulimi wa mbao, ile ncha inayoushika mguu, umeingia tunduni kiasi gani? Akawa anaukata mfupi, pengo analijaza gundi na unga wa mbao. Kiti cha siku tatu kikawa cha asubuhi moja.

Siku moja alimpelekea mama yake kiti cha maua. Kile cha zamani, alichotengenezewa na mumewe walipooana, akakitoa nje, uani.

"Mwanangu, kile kimenizoea," mama alilalamika.

"Mama nawe! Hebu keti kama malkia."

Mama akaketi. Lakini mazoea yana tabu. Hata kwenye kiti cha mama mzazi, binti alikuwa amekata ulimi mfupi. Siku ya tisa mguu ulichomoka, bibi wa watu akaanguka kwenye sakafu ya saruji, nyonga ikavunjika. Hakutembea tena.

Baba alipiga magoti, akalibandua ua kwa patasi. Ulimi ulikuwa mfupi kama ukucha.

"Ua hili lilikuwa la mama yako," aliuliza, "au la kosa lako?"

Binti alitoka uani akilia. Alikirudisha ndani kile kiti kikuukuu. Mvua ilikuwa imekipausha, lakini hakikutikisika. Kila asubuhi humbeba mama yake na kumketisha hapo, karibu na dirisha. Mama hamlaumu. Hupapasa mbao tu na kusema, "Hiki kimenizoea," na maneno hayo humchoma binti kuliko tusi.

Ama kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.