Jina la Zuheir katika Kitabu cha Mwaka wa Tauni

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, baina ya Basra na Kufa, palikuwa na mwanachuoni aitwaye Sheikh Dhakwan bin Sabih. Watu wa mji walikuwa wamemkabidhi kazi moja yenye heshima. Kila mwaka ulipomalizika, aliandika majina ya wanazuoni na watu wa kheri waliofariki ndani ya mwaka huo, pamoja na sifa zao kwa ufupi. Ijumaa ya kwanza ya Muharram aliyasoma msikitini baada ya sala, na waumini wakawaombea rehema mmoja mmoja.

Ukaja mwaka wa tauni. Walifariki watu wengi, hata mikono ya wachimba makaburi ikachubuka. Alifariki muadhini aliyeadhini miaka arobaini pasi na kuchelewa alfajiri hata moja. Alifariki Ummu Thawab, ajuza aliyewaosha maiti wa kike ambao jamaa zao waliogopa hata kuwasogelea. Siku homa ilipomshika yeye, alioga, akavaa sanda yake kwa mikono yake mwenyewe, akalala ameelekea Kibla. Sheikh Dhakwan aliyaandika hayo huku machozi yakilowesha ndevu zake.

Na alifariki Zuheir bin Mas'ada. Hapo kalamu ya sheikh ikasimama.

Miaka ishirini nyuma, Zuheir, msomeshaji mwenzake, aliingia katika darasa la Dhakwan akasema mbele ya wanafunzi wote: "Hadithi hii ya kumzuru mgonjwa, Dhakwan anasema ameisikia kwa masikio yake kutoka kwa mwalimu wetu, Sheikh Khattab. Wallahi, siku mwalimu alipoisimulia mimi nilikuwapo, na yeye hakuwapo."

Dhakwan alikana. Yeye alikuwa mpole na mwenye kupendwa, naye Zuheir alikuwa mkali wa maneno, basi watu wakamwamini Dhakwan. Ikasemwa kwamba Zuheir ana husuda. Wanafunzi wakamkimbia mpaka darasa lake likabaki tupu, akaishi kwa kusuka mikeka, wala hakuyarudia tena maneno yale.

Na ukweli, ndugu zangu, ni kwamba Zuheir hakukosea. Siku ile Dhakwan, naye kijana fakiri, alikuwa mtoni akiifua kanzu yake moja aliyokuwa nayo. Alipofika, mwalimu alikwisha kuondoka. Akainakili hadithi kwa mwenzake aitwaye Qabus bin Ghaylan. Baadaye alipoanza kusomesha, aliona haya kusema kwamba alikosa darasa, akasema, "Nimemsikia Sheikh Khattab." Hadithi yenyewe ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa katika neno lile moja la kusema amesikia.

Sheikh alipokuwa bado ameishika kalamu, alibisha hodi mwanamke aliyejifunika vyema.

"Assalamu alaykum, ya Sheikh. Mimi ni Lubaba, binti ya Zuheir."

"Wa alaykumu salaam, binti yangu. Mola amrehemu baba yako."

"Amin. Baba ameniachia wasia kwako." "Tauni ilipoingia, alijitwika kiriba cha maji, akawa anawanywesha wagonjwa waliokimbiwa na watu wao, mpaka homa ikamshika na yeye. Kabla hajakata roho aliniambia, 'Nenda kwa Dhakwan. Mwambie huenda nilikosea siku ile. Mji mzima unasema nilikosea, nami nimezeeka, siiamini tena kumbukumbu yangu. Mwombe anisamehe, maana naogopa kukutana na Mola wangu hali nimemvunjia Mwislamu heshima yake.'"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele ya Sheikh Dhakwan. Akasema, "Nimemsamehe."

Lubaba akalia kwa furaha, akamwombea dua ndefu ya umri na baraka, na kila neno la dua ile likamchoma sheikh kama kaa la moto.

Kwa siku tatu hakuweza kula ipasavyo. Aliandika, "Zuheir bin Mas'ada, mcha Mungu, aliyefariki akiwahudumia wagonjwa." Maneno hayo yalikuwa ya haki, lakini kila mpokezi wa hadithi alizoea kumwongezea neno "mkweli," na kwa Zuheir mkono wake ulikataa kuliandika neno hilo.

Mkewe akamwambia, "Mtu amekwisha kufa, na amekufa akitumaini utamsamehe. Mbona unajitaabisha?"

Sheikh akajibu, "Amekufa akiungama kosa langu mimi."

Ijumaa ikafika. Msikiti ulijaa waliosalimika. Sheikh akasoma jina baada ya jina, na watu wakaitikia, "Mungu amrehemu." Kisha akasema: "Na mwaka huu amefariki Zuheir bin Mas'ada, mcha Mungu, mnyweshaji wa wagonjwa, mkweli."

Minong'ono ikapita safuni. Mtu mmoja akauliza, "Mkweli vipi, ya Sheikh, naye alikusingizia?"

"Hakunisingizia," akasema Dhakwan. Akawaeleza yote: mto, kanzu, Qabus, na haya iliyomfunga kinywa. Kisha akageukia upande wa wanawake. "Lubaba binti Zuheir, kama upo hapa, nisikie. Nilikudanganya. Sikuwa na la kumsamehe baba yako. Mimi ndiye niliyemdhulumu, na ameingia kaburini kabla sijamwomba radhi."

Kisha ikasikika sauti ya Lubaba.

"Miaka ishirini, ya Sheikh."

Hakuna aliyethubutu kuinua uso. Lubaba akasema tena, "Baba hakuwa na ugomvi na hadithi ile. Alitaka isimuliwe kwa haki. Isome sasa kama ulivyoipokea."

Sheikh akaanza: "Amenihadithia Qabus bin Ghaylan, naye amesema amemsikia Sheikh Khattab..." Akaisoma mpaka mwisho.

"Haki yangu mimi nimekusamehe," akasema Lubaba. "Haki ya baba mtakutana nayo, wewe na yeye, mbele ya Mola wenu, nami nitakuombeeni nyote wawili."

Wako wanafunzi walioondoka siku ile wasirudi, na sheikh hakumlaumu hata mmoja wao. Waliobaki wanasema kwamba tangu hapo kila alipoanza darasa alitaja kwanza yale ambayo hakuyasikia mwenyewe. Na watu wa mji walikwenda kwa makundi kwenye kaburi la Zuheir, wengine wakimwomba radhi kwa sauti, kama wanaozungumza na jirani yao.

Enyi waumini, mwaka ukiisha tunawataja wafu wetu na kuwaombea, na hilo ni jambo jema. Lakini tuulizane pia: yuko nani miongoni mwao tuliyemwacha aende akidhani kwamba aliyekosa ni yeye? Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwapa watu haki yao wangali wakitusikia.